Farasi Watatu wa Mzee Hikmat

Jumamosi, 8 Februari 2003

Daftari hili nimelinunua mtaa wa Najma, kwa Mhindi anayeuza pia sabuni na vitunguu, kwa sababu Nyaboke amechoka kunisikiliza. "Andika," aliniambia. "Daftari halitakwambia limechoka."

Basi naandika. Mimi ni Joram, wa Kariobangi, Nairobi, miaka ishirini na saba, kilo tisini na sita. Kazi yangu katika sarakasi hii ni kuwa chini. Kwenye mnara wetu wa watu wanne mimi ndiye ninayesimama ardhini. Tom anakanyaga bega langu la kushoto, Kapteni Bakari la kulia, na Nyaboke anasimama juu yao huko karibu na taa. Watu wakipiga makofi sioni wanachopigia. Naona miguu tu. Lakini uzito naujua. Ukinipandia siku tatu mfululizo, nitakwambia ulikula nini.

Jana tumefika Doha kutoka Bahrain. Hema limesimamishwa kwenye uwanja mtupu nyuma ya Kornishi, barabara ya ufukweni. Tutakaa hapa mpaka mwisho wa mwezi, kisha Kuwait.

Jumanne, 11 Februari

Idi. Maonyesho matatu, hema limejaa mpaka watoto wamekalia magoti ya baba zao. Baada ya onyesho la pili mwanamke mnene mwenye buibui aliingia nyuma ya jukwaa akipaza sauti, "Nani hapa kasema 'shika sawasawa'? Nimesikia kwa masikio yangu!" Ni Saada, Mzanzibari, mpishi katika nyumba ya kafili wetu, yule Mqatari aliyetuombea viza. Ana miaka kumi na minne Doha. Alitukumbatia wote kama tumetoka tumbo moja, hata Tom ambaye alikuwa amelowa jasho. Onyesho la tatu Nyaboke alinipandia akiwa na kilo moja zaidi.

"Umekula nini?" nikamuuliza kwa chini.

"Sambusa za Saada. Nyamaza, tabasamu."

Jumatano, 12 Februari

Niandike kuhusu Mzee Hikmat, kwa sababu leo amenichekesha mpaka nimeumwa mbavu. Ni mtu wa Basra, Iraki, miaka hamsini na minane, mwenye farasi watatu. Saqr na Rih ni madume vijana. Warda ni jike mweupe wa miaka ishirini na miwili, ambaye hupiga magoti ili watoto wampande. Mzee amesafiri na Wakenya wa sarakasi miaka kumi na mmoja na Kiswahili chake amekiokota kwetu mazoezini, kwa hiyo ni amri tupu. Kila kinachoanza kwake "kinapanda", kila kinachokwisha "kinashuka". Asubuhi alisimama mlangoni mwa karavani yetu na birika mkononi. "Joram! Chai imepanda! Wewe shuka kitanda!"

Jumatano, 19 Februari

Manyunyu. Watazamaji thelathini na saba. Tulifanya kila kitu.

Jumatatu, 24 Februari

Watazamaji kumi na tisa. Kila mtu mjini anazungumza habari ya vita. Hoteli zimejaa waandishi wa habari na kambini kwa Wamarekani, nje ya mji, malori hayaishi kuingia. Mkurugenzi wetu anasema ni maneno ya magazeti.

Kapteni Bakari anaitikia kila analosema mkurugenzi. Anambebea mkoba wake wa ngozi popote aendapo, kama mke anayemfuata mumewe sokoni. Kwetu sisi ni makelele tu: Joram nyoosha mgongo, Nyaboke umechelewa, Tom usicheke. Ni mtu wa Mombasa, miaka arobaini na mmoja, kiongozi wa kundi tangu nikiwa shule ya msingi. Simpendi, na daftari halitanisuta.

Jumatatu, 3 Machi

Kuwait imefutwa. Mkurugenzi ametutangazia wakati wa chakula cha mchana, akila. Tusubiri.

Jumamosi, 8 Machi

Ile familia inayoruka kwenye bembea imeondoka, wote watano. Yule mama anayechezesha mbwa naye ameondoka na mbwa wake. Ubalozi wao umewaambia wasingoje.

Jumamosi, 15 Machi

Tom amekwenda. Kaka yake amemtumia tiketi. Nilimwambia maneno mabaya ambayo sitayaandika. Kapteni aliyasikia, akanivuta kando.

"Mwache aende, bwana. Ana watoto wawili. Weye una nani?"

 Nikakasirika zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Mkurugenzi amesafiri Dubai "kutafuta meli". Alivaa koti lake zuri, na joto lote hili. Kapteni akambebea mkoba mpaka kwenye gari. Walisimama pale muda mrefu wakizungumza, mkono wa kila mmoja kwenye mpini wa mkoba. Nikatema mate nikaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi niliamka bila kuitwa kwenye chai. Nikamfuata Mzee Hikmat bandani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, redio mapajani, Warda amemwekea kidevu begani. Hakunitazama.

"Imepanda," alisema.

Nikajua ni vita. Binti yake Amal yuko Basra na mumewe na watoto wawili, na ana mimba ya tatu. Mzee amekuwa akimpigia simu kila Alhamisi kwenye kibanda cha simu. Leo alikwenda na kadi yake, akarudi nayo.

Jumapili, 23 Machi

Simu ya mkurugenzi imezimwa tangu Ijumaa. Watu wetu wanapungua kila siku. Huyu ameitwa na rafiki, yule amekwenda kulala ubalozini kwao. Wenye jenereta ya kukodi wamekuja kuichukua. Redio inasema Basra hakuna maji ya bomba. Mzee aliiambia redio kitu kwa Kiarabu, kwa upole, kama anavyomwambia farasi aliyeogopa.

Jumatatu, 24 Machi

Tumebaki wanne: Kapteni, Nyaboke, Mzee, mimi. Na farasi watatu na hema la watu elfu moja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeshindwa kuandika siku mbili kwa sababu ya mikono. Leo vidole vimekubali kushika kalamu.

Jumatano asubuhi upepo ulianza kama kawaida. Kufika saa tatu anga ilikuwa rangi ya matofali na mchanga unauma masikio. Kapteni alizunguka hema mara moja, akarudi mbio.

"Linashuka sasa hivi. Upepo ukiingia chini yake, litaruka mpaka barabarani kwenye magari."

"Linashushwa na watu arobaini na mashine," nikamwambia. "Sisi tuko wanne."

"Na farasi watatu. Fungua kuta za upande wa bahari, Joram. Kisha njoo unibishie."

Hema letu lina nguzo kuu mbili. Juu ya kila nguzo kuna pete kubwa ya chuma inayobeba kitambaa, nayo hushushwa kwa kamba pole pole. Ukiiachia ghafla, kitambaa kinashika upepo kama mwavuli. Mzee aliwafunga Saqr na Rih kwenye kamba ya nguzo ya kwanza. Vijana wale walikuwa wanarusha miguu, macho meupe. Basi akamleta Warda mbele yao, bila hatamu, akamwekea mkono puani. Warda alisimama. Wale wawili wakamwona amesimama, wakasimama nao. Mzee akarudi nyuma hatua moja, Warda akaja hatua moja, na vijana nyuma yake, na pete ikashuka hatua moja. Hivyo hivyo mpaka chini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na hakukuwa na mtu wa kukitazama.

Nguzo ya pili pete iligoma ikiwa nusu ya njia. Kitambaa kimejisokota juu yake. Nyaboke alikwisha kuvua viatu.

"Mimi ndiye mwepesi. Napanda."

"Hupandi," Kapteni akasema.

"Kila siku unaniambia panda!"

"Leo nakwambia kaa. Shika kamba na Joram."

Akapanda mwenyewe. Miaka arobaini na mmoja, miguu mitupu, mchanga unampiga usoni, nguzo yenyewe inayumba. Mimi nilikuwa nimejizungushia kamba kiunoni, visigino nimevichimbia ardhini, Nyaboke nyuma yangu, farasi nyuma yake. Hatukumwona juu. Tulisikia tu sauti yake: "Bado! Bado! Bado!" Kisha, "Shika!" na uzito wote wa kitambaa ukatuangukia mikononi. Nilivutwa hatua nne. Ngozi ya viganja ilikwenda na kamba. Lakini tuliushika, na Warda akaja pole pole, na hema likalala chini kama mnyama aliyechoka.

Kapteni tulimkuta chini ya nguzo, amekaa, anatutazama kama anayesubiri chai. Kipande cha kamba kilimpiga alipoifungua pete, akaanguka urefu wa watu wawili, akatua kwa bega.

"Farasi wazima?" akauliza.

Mume wa Saada, Abdulrahman, ni dereva. Alitufuata katikati ya vumbi lile, taa zimewashwa mchana, akatupeleka hospitali. Pale muuguzi alipokata shati la Kapteni, tukaona amejifunga kitambaa kifuani, na ndani ya kitambaa pasipoti nne. Yake, yangu, ya Nyaboke, ya Mzee Hikmat.

Nyaboke akaniangalia. Nami nikaangalia sakafu.

"Zilikuwa kwenye mkoba wa yule bwana," Kapteni alisema, amefumba macho kwa maumivu. "Mwezi mzima naubeba, nangoja asahau kuufunga. Hakusahau hata siku moja. Ikabidi nimwombe pale garini."

"Ukamwomba vipi?"

"Nilimwambia sitauachia mkoba mpaka atoe. Alikuwa anachelewa ndege."

"Kwa nini hukutwambia?"

"Ningekwambia weye, Joram, ungempiga. Kisha tungekuwa na kesi juu ya vita."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilichoweza ni kumvua kiatu kilichojaa mchanga, nikakikung'uta, nikamvisha tena.

Jumamosi, 29 Machi

Saada hakutuuliza kama tunataka. Alikuja na Abdulrahman na gari, akapakia vitu vyetu. Nyaboke analala chumbani na Saada, mimi na Kapteni sebuleni na Abdulrahman. Ni chumba na sebule juu ya duka la fundi saa, Najma. Mzee amekataa kuwaacha farasi. Kafili amempelekea majani makavu na tangi la maji. Ni mtu mwema, naye mkurugenzi hapokei simu yake.

Jumatano, 2 Aprili

Joto limeanza. Kapteni hulala amekaa kwa ajili ya bega. Nampaka dawa asubuhi na jioni. Ananiambia nimpake kama mtu, si kama ninapaka rangi ukuta.

Jumapili, 6 Aprili

Redio: Waingereza wameingia Basra. Mzee hasemi ni nzuri au ni mbaya. Nilimletea wali wa Saada, akala nusu, akanishukuru mara tatu.

Jumatatu, 7 Aprili

Kafili amekuja uwanjani na habari. Manispaa inautaka uwanja ifikapo katikati ya mwezi. Hema litawekwa kwenye ghala lake. Binamu yake ana mazizi huko Rayyan na yuko tayari kuwachukua Saqr na Rih, na Mzee awe mtunzaji. Lakini binamu hamtaki Warda. Amezeeka, na zizi lake ni la farasi wa mashindano.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kiarabu, kwa adabu, mkono kifuani. Kisha akatutafsiria.

"Mimi nasema: wote panda, au wote shuka."

"Mzee," Kapteni akamwambia, "tukiondoka hapa hana pa kwenda. Fikiri."

"Mimi fikiri. Warda na mimi miaka ishirini. Mke yangu kufa, Warda iko. Wewe ukizeeka, Bakari, nani nakuacha barabara?"

 Nyaboke alikuwa anamkwangua Warda shingoni. "Huyo binamu amemwona Warda akifanya kazi?" akauliza.

Hakuna aliyemwona.

"Basi amwone. Ijumaa, na familia yake yote. Mwambieni kafili. Tutafanya onyesho huko huko zizini kwake."

"Nani na nani?" nikamuuliza. "Kapteni ana mkono mmoja."

"Aki Joram, wewe hujui kuhesabu? Wewe chini, mimi juu. Tunatafuta wa katikati."

Mzee Hikmat aliinua kidole kama mtoto darasani.

Jumatano, 9 Aprili

Baghdad imeanguka. Abdulrahman ana televisheni, tulitazama wote, Saada akilia na kukunja chapati. Mzee hakuja kutazama. Alikuwa anamwosha Warda.

Ijumaa, 11 Aprili

Walikuja watu arobaini, wanawake wamekaa upande wao chini ya turubai, watoto wengi. Saqr na Rih walikimbia vizuri. Warda alipiga magoti, akachukua watoto wawili wawili, akazunguka kwa mwendo wa bibi arusi. Kila akirudi foleni ilikuwa ndefu zaidi.

Kisha mnara. Kapteni alisimama kando, mkono wake umefungwa shingoni, ili adake mtu kwa ule uliobaki. Mzee alivua viatu, akanigusa kichwa kama kuomba ruhusa, akapanda. Ujanani alikuwa akisimama juu ya farasi wawili wanaokimbia, kwa hiyo nilitegemea mwili wa mtu anayejua. Mwili ulijua. Lakini haukuwa na kitu. Nimebeba watoto wazito kuliko yule. Miguu ilikuwa mikavu, visigino vimepasuka, na ilikuwa inatetemeka kwa ndani, mahali ambapo mtazamaji haoni. Nyaboke akapita juu yetu, akasimama. Makofi. Nilihesabu mpaka kumi nikimwomba Mungu.

Walipokwisha kushuka, Mzee aliketi chini ghafla. Midomo ilikuwa myeupe.

"Mzee, mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

"Nakunywa."

"Kiasi gani?"

Alionyesha kwa kidole kwenye kikombe cha chai. Nusu. Asubuhi nusu, jioni nusu. Tangu siku redio iliposema Basra hakuna maji.

"Amal hapana maji," alisema. "Mtoto ya Amal hapana. Mimi baba, nakunywa tangi?"

Mimi mwenye kilo tisini na sita sikujua la kufanya. Nyaboke ndiye aliyejua. Alichota kikombe kizima, akaketi mchangani mbele ya Mzee, akanywa nusu taratibu, bila kumwondolea macho. Akamnyooshea nusu iliyobaki.

"Hiyo nusu yako, ya asubuhi," akamwambia. Mzee akanywa. Nyaboke akachota kingine, akanywa nusu. "Hii nusu ya jioni." Akachota cha tatu.

"Hii ya lini?" Mzee akauliza.

"Ya Amal. Mnywee, mpaka atakapokunywa mwenyewe."

Mzee alilia akinywa. Kapteni alitugeuzia mgongo akajifanya anakaza kamba, kwa mkono mmoja, kamba ambayo haikuwa imefungwa popote.

Binamu wa kafili alikuja mwishoni. Kilio cha watoto wake kilikuwa kinasikika, wamekataa kushuka mgongoni mwa Warda. Alisema maneno machache. Kafili akacheka.

"Anasema yule mzee atamchukua," alitafsiri. "La sivyo hatalala nyumbani kwake leo."

Nikauliza mzee yupi, mtu au farasi. Wote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tulisali katika nyumba ya Mganda mmoja, tumebanana, feni moja. Nyaboke aliomba kwa sauti kwa ajili ya Amal, na watu wasiomjua wakaitikia.

Jumatano, 23 Aprili

Kapteni amepata kazi ya kufungua milango katika hoteli moja mtaa wa West Bay. Daktari amemwambia bega halitabeba mtu tena. Hakutueleza hivyo, Abdulrahman ndiye aliyetueleza. Nilikwenda kumwona akiwa kazini. Wamempa kofia. Nilipita mlangoni mara tatu ili anifungulie, mara ya tatu akanitishia polisi.

Jumamosi, 26 Aprili

Kapteni ameongea na mwandishi wa habari mmoja hotelini, mwanamke, anayekwenda Basra. Mzee aliandika barua na kuchora ramani: msikiti, duka la mkate, daraja dogo, mlango wa kijani. Mwandishi amesema atajaribu, hawezi kuahidi. Tumempa namba ya simu ya Saada.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna simu.

Alhamisi, 1 Mei

Hakuna. Saada anakwenda nayo hata bafuni.

Jumapili, 4 Mei

Saada alikuja zizini saa nne asubuhi kwa teksi, bado amevaa aproni ya kazini, ameinyoosha simu mbele yake kama inaungua: mwandishi alikuwa amemwambia atapiga tena, na ililia akishuka garini. "Iko hewani! Iko hewani! Mzee Hikmat, jamani, mpokeeni!"

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Alisema neno moja, "Baba?", ambalo Waarabu wa kwao humwitia mtoto wao. Kisha akasikiliza. Tulimtazama usoni kama watu wanaotazama mlango wa hospitali. Alipiga goti. Akaweka kiganja ardhini. Nikafikiri amekufa mtu, na kweli alikuwa amekufa mtu: mume wa Amal, tarehe ishirini na sita Machi, alipotoka kutafuta maji. Lakini Amal yu hai, watoto wote wawili wazima, na wa tatu amezaliwa, wa kike.

Simu ya yule mwandishi ni ya setilaiti, kila dakika ni ghali, na Mzee alizitumia dakika zile kwa jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimsalimianisha binti yake na sisi, mmoja mmoja. Saada alizungumza Kiarabu chake chote. Nyaboke alisema "Pole, mama, pole sana," kwa Kiswahili, na nadhani ilieleweka. Nilipopewa mimi, Kiarabu chote kikanitoka kichwani isipokuwa kile nilichofundishwa na Mzee cha kutuliza farasi. Nikakisema. "Shwai, shwai, habibti." Pole pole, mpenzi.  Kisha nikasikia mwanamke aliyefiwa na mumewe akicheka kidogo, na kulia, na mtoto mchanga nyuma yake.

Jioni nilimweleza Kapteni alipotoka kazini. Alivua kofia ya hoteli, akaketi kwenye ngazi za fundi saa, akakaa nayo magotini.

"Kumbe barua hufika," akasema.

Jumatatu, 12 Mei

Nyuzi joto arobaini na moja. Kafili ametupatia tiketi, Nairobi, tarehe ishirini na mbili. Mbili, kwa sababu Kapteni anabaki hotelini. Nyaboke ameruka ruka kitandani kwa Saada mpaka kikavunjika mguu mmoja. Nimekitengeneza.

Jumamosi, 17 Mei

Mzee anakwenda. Msafara wa misaada unaondoka kwa malori kupitia Kuwait, wanahitaji mkalimani anayeijua Basra. Farasi hawaruhusiwi. Saqr na Rih watakuwa sawa; Warda ndiye anayehitaji mtu. Alinipeleka bandani kwa Warda, akasimama kati yetu.

"Joram. Mimi hapana omba."

"Najua, Mzee."

"Wewe iko tiketi. Mama yako nangoja. Mimi hapana omba."

"Umesema."

Tukakaa. Warda alikuwa anatafuna. Sijui ni lini niliamua. Nadhani sikuamua. Ni kama mnara: mtu akianza kupanda huwezi kusogea.

"Anakula saa ngapi?" nikauliza.

Mzee alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanibusu kwenye paji la uso, akaanza kunieleza, saa nzima, meno yapi yanauma, kwato ipi ina tatizo.

Jumatatu, 19 Mei

Mzee ameondoka saa moja asubuhi. Alivaa shati alilopigiwa pasi na Saada. Kapteni aliomba ruhusa kazini, wakakumbatiana kwa mkono mmoja. Hakurudi bandani kumuaga Warda. Alimuaga jana, peke yao.

Alhamisi, 22 Mei

Nyaboke ameruka. Uwanja wa ndege alinipiga ngumi ya kifua. "Mtu wa chini! Nani atanibeba Nairobi?" Nikamwambia ajifunze kutembea. Akacheka, akageuka haraka, hakugeuka tena. Tangu mwaka 1999 ananipanda mabegani, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona kwa nyuma, akiondoka. Ni mdogo sana.

Niliporudi Warda hakuwa amegusa majani yake. Ni siku ya tatu.

Ijumaa, 23 Mei

Hajala. Nimejaribu shayiri, tende, karoti. Nimempigia kelele, kisha nikamwomba radhi. Daktari wa zizi anasema mwili hauna ugonjwa.

Jumamosi, 24 Mei

Leo saa sita nilichoka. Nyuzi arobaini na tatu. Niliketi mlangoni mwa banda nikampa mgongo, nikafungua chakula changu, mikate miwili ya ajemi na maharage ya Saada, nikaanza kula nikitazama ukuta, simsemeshi. Nilihisi pumzi shingoni. Kidevu kikanikalia begani, kizito, kama kilo kumi na mbili. Midomo ikapita karibu na sikio langu, ikauchukua mkate mkononi.

Sikusogea. Nilipomsikia amemaliza, nikampa wa pili.